Mwaka wa Yanga na Gitaa la Kukwaruza

Festo alinipigia simu asubuhi moja nikiwa uani nachambua maharage, na kabla hajasema neno nilijua kwa jinsi alivyokohoa. "Eliza," akasema, "Ambokile ametutoka." Kesho yake tulisafiri pamoja, wazee wawili na magoti yetu mabovu, kutoka Iringa hadi Uyole karibu na mji wa Mbeya, tukakuta jeneza limeshatolewa nje. Nilichokiona msibani ndicho kilichonifanya niandike sura hii ya kumbukumbu zangu. Ilikuwepo bendi ya vijana wa usharika: magitaa mawili ya umeme, seti nzima ya ngoma, spika ndefu kama mlango, na kijana mwenye fulana nyeusi aliyeimba habari za ufufuo kwa sauti ya kukwaruza, kama mtu anayekoroma na kulia kwa wakati mmoja. Mchungaji alitikisa kichwa kufuata mapigo. Wazee wa kanisa walikaa mstari wa mbele wakingoja zamu ya kuweka udongo, na hakuna hata mmoja aliyekunja uso. Festo akaniinamia. "Hawa wangekuwa enzi zetu," akaninong'oneza, "angetengwa mpaka mbwa wao." Sikucheka. Nilikuwa nimerudi kwenye mwaka mmoja wa ujana wangu.

Nitaandika huo mwaka tu. Habari za wazazi wangu na kijiji nilikozaliwa hazisaidii kitu hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa nimejifunza kupiga taipu, na usharika mmoja wa mjini Iringa ulikuwa umeniajiri ukarani. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, mwaka wa njaa, ule ambao waliouona bado wanauita mwaka wa yanga kwa sababu ya unga wa njano ulioletwa kutoka nje. Nililala katika chumba kidogo nyuma ya ofisi, kitanda cha kamba, sanduku moja, na ukuta wa mbao ambao kupitia kwake nilisikia kila kilichosemwa upande wa pili. Nilikula kwa Mama Tuli, mpishi wa wageni wa kanisa, mwanamke mnene aliyekuwa amekonda mwaka ule mpaka khanga zikawa zinamzunguka mara mbili. Ugali wa yanga ulikuwa na harufu ya gunia. Mama Tuli aliusonga akiwa amegeuza uso pembeni, akatuwekea na majani ya maboga yasiyo na chumvi, akasema, "Kuleni hivyohivyo, msiuangalie." Mpaka leo siwezi kula chakula cha rangi ile. Wajukuu wangu wananicheka, nami nawaacha wacheke.

Ambokile alikuwa fundi redio. Alikuwa na kibanda karibu na stendi, miaka ishirini na mbili, mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kuinamisha kichwa anapomsikiliza mtu kana kwamba mtu huyo naye ni redio iliyoharibika. Kwao ni Uyole, na baba yake alikuwa mwinjilisti huko, jina linaloheshimika. Mwanzoni mwa mwaka aliondoka mjini kijana mmoja wa Kizungu aliyekuwa amekuja kufundisha ufundi wa pampu za maji. Nywele zake zilifika mabegani, watu wakamwita Bwana Nywele. Siku zile vijana wa chama walikuwa wakiwakamata vijana wenzao barabarani, wakiwanyoa na kuwachania suruali za bugaluu, zile pana chini, lakini yeye walimwacha apite, wakaishia kumzomea. Ambokile alikuwa amemtengenezea gramafoni yake mara mbili. Siku ya kuaga, Bwana Nywele alimwachia gramafoni hiyo na sahani tatu za santuri. Kwenye jalada moja walisimama wanaume wanne wenye nguo nyeusi, nywele zikiwafunika macho, katikati yao msalaba wa miti mibichi isiyochongwa. Nilipoliona nilidhani ni wezi.

Tulizisikiliza katika stoo ya usharika, iliyokuwa imejaa majembe, viti vilivyovunjika na magunia matupu ya mbegu. Tulikuwa watatu: Ambokile, mimi, na Festo, mzaliwa wa Kilolo, aliyekuwa akipiga ngoma za bendi ya shule kabla hajamaliza masomo. Sindano ilipogusa sahani lilitoka gitaa linalonguruma kama lori lililojaa mzigo likipanda mlima wa Kitonga, ngoma zikafuata kwa nguvu, kisha mtu akaanza kupiga kelele. Mama Tuli alikuja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Kuna mtu anaumwa humu?" akauliza. Tukacheka mpaka Festo akakaa chini. Lakini alipoondoka, Ambokile alirudisha sindano mwanzo, akaniambia nisikilize maneno, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa na afadhali kidogo.

"Wanaimba nini?"

"Wanamwita Yesu," nikasema.

"Mbona wanamwita kama wanagombana naye?"

Yeye mwenyewe akajijibu, ameinamisha kichwa: "Labda wako naye karibu. Mtu wa mbali hugombani naye."

Nimesikia mahubiri mengi tangu siku ile, na ni machache yaliyonikaa kama maneno hayo ya fundi redio. Tuliokulia kanisani tulifundishwa kumwendea Mungu kama mtu anayeingia ofisi ya mkuu wa wilaya: umevua kofia, umeinama, umepanga maneno. Wale watu wa kwenye sahani waliingia kwa kupiga teke mlango, na kilichonitisha ni kwamba hawakuonekana kuwa na shaka kwamba mwenye nyumba yumo.

Ambokile aliazima gitaa la umeme kwa mpiga muziki wa dansi mmoja ambaye bendi yake ilikuwa imevunjika. Amplifaya aliitengeneza mwenyewe kutokana na redio kubwa ya zamani. Spika aliyoipata ilikuwa imechanika karatasi yake ya ndani, na Festo alishauri ibandikwe. Ambokile akaijaribu kwanza kama ilivyo. Sauti ikatoka imepasuka, ina makovu. Akazima, akachukua wembe, akaichana zaidi mahali pawili, akawasha tena, na safari hii gitaa lilikwaruza mpaka majembe ukutani yakalia. Sikupata kumwona ana furaha kama siku hiyo. Tulifanya mazoezi kila Jumamosi mchana. Festo alipiga ngoma mbili za shule na kifuniko cha pipa, mimi niliimba. Tulikuwa na njaa, na ukiimba na njaa sauti inatoka mahali pengine, chini zaidi. Katika maisha yangu yote, kabla na baada, sikuwahi kuimba vile.

Wimbo wetu wenyewe ulizaliwa kwenye foleni ya unga. Tulikuwa tumepanga tangu alfajiri, mimi na Ambokile, tukimshikia Mama Tuli nafasi. Mbele yetu alisimama mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni. Saa nne hivi alimfungua ili amnyonyeshe, akamtazama, akamgusa shavu, kisha akamfunga tena mgongoni, polepole, akakaza fundo. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alikuwa ameona. "Dada, mtoto..." Yule mama akajibu bila kugeuka, "Najua. Nyumbani wapo wengine wanne." Akabaki kwenye foleni. Dirisha lilifungwa kabla ya zamu yake, na kabla ya zamu yetu. Wiki ile Ambokile alileta maneno aliyoyaandika nyuma ya karatasi ya stakabadhi: *Bwana, tumepanga foleni, mbona dirisha lako limefungwa? Tumekuja na watoto mgongoni, mbona dirisha lako limefungwa?* Hapakuwa na ubeti wa kujibu. Nilimwuliza jibu liko wapi, maana nyimbo zetu zote zilikuwa na jibu. Akasema, "Likija nitaliandika."

Siku ya Pentekoste vijana walipewa nafasi baada ya matangazo. Tulikuwa tumemwomba mchungaji ruhusa ya "kutumia gitaa", naye akadhani ni gitaa la mbao. Mimi niliogopa. Nilikuwa karani wa usharika, nilikuwa nalala kwenye chumba cha usharika. Nikamwambia Ambokile nitaimba nikiwa nyuma ya pazia la chumba cha mchungaji, waya wa maikrofoni upitishwe chini. Hakunibishia. Basi watu walimwona yeye na Festo mbele ya madhabahu, wakasikia sauti ya mwanamke wasiyemwona. Kupitia upenyo wa pazia niliona nyuso. Gitaa lilipoanza kukwaruza mtoto mmoja akalia. Bibi mmoja aliziba masikio. Lakini tulipofika kwenye dirisha lililofungwa, upande wa akina mama mtu mmoja akaanza kulia kwa sauti, kisha mwingine, si kilio cha kuguswa na neno bali kilio cha msibani, wameshika vichwa. Ndipo mzee mmoja akaenda kuchomoa waya ukutani.

Mzee huyo alikuwa Mzee Sanga, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, fundi seremala, mtu mwadilifu. Nataka hilo lieleweke, kwa maana ningependa sana kuwa na mtu mbaya katika habari hii ambaye si mimi. Jioni ya siku ile niliwasikia wazee kupitia ukuta wangu wa mbao. Mmoja alisema ni ngoma za kuzimu. Mwingine alisema ni bangi. Kisha ikaja sauti ya Mzee Sanga, taratibu. "Mimi mwaka huu nimezika wajukuu wawili," alisema. "Jeneza nimechonga mwenyewe. Nimewazika nikiimba wimbo wa kitabuni, na ule wimbo ndio ulionishika nisianguke kaburini. Leo kijana anakuja kunichomolea huo wimbo mbele ya watu. Nitasimama wapi?" Nami nililisikia swali hilo nimelala chali gizani.

Kikao kilifanyika Juni, mwezi wa baridi kali, wazee wakiwa wamevaa makoti mazito ndani ya ofisi. Nilikaa pembeni na daftari, kwa sababu kuandika muhtasari ilikuwa kazi yangu. Festo aliomba radhi, akaonywa, akaambiwa aende. Ambokile akaulizwa kama yuko tayari kukiri kosa. Akasema kelele anaziombea radhi, na waliotishika anawaombea radhi, mtoto aliyelia pia. "Lakini maneno, wazee wangu, siwezi. Maneno niliyaona kwa macho foleni."

"Na ile sauti ya mwanamke," akauliza Mzee Sanga, "ilikuwa ya nani?"

Ambokile alinitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu; pengine pumzi mbili. Kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi. Kisha akageuka akasema, "Ilitoka kwenye sahani ya santuri, mzee."

Wakapokea jibu hilo; hakuna aliyeuliza santuri ya Kizungu iliimbaje foleni yetu kwa Kiswahili. Nikaandika: *Alieleza kuwa sauti ya mwanamke ilitoka kwenye santuri.* Mwandiko wangu katika mstari huo haukutetereka hata kidogo. Nilikuja kuliona daftari hilo miaka mingi baadaye, nikatafuta mahali mkono ulipotetemeka, sikupata.

Waliamua atengwe miezi sita, asishiriki Meza ya Bwana, na sahani zichomwe. Zilichomwa nyuma ya jiko la Mama Tuli. Hazikushika moto haraka; zilijikunja, zikalegea kama nguo iliyoloa, zikatoa moshi mweusi ulionuka siku mbili. Barua niliichapa mimi. Chini yake Mzee Sanga alitaka iwekwe nakala kwa usharika wa nyumbani kwao Ambokile, kama utaratibu ulivyo. Nilijua nakala hiyo inakwenda wapi. Nilijua ni nani angeipokea huko Uyole na ni nani angeitwa kuhojiwa. Ningeweza kusema, "Mzee, baba yake ni mwinjilisti, tumwonee huruma." Ningeweza hata kusahau, maana makarani husahau. Niliweka karatasi ya kaboni, nikachapa, nikabandika stempu. Ambokile alifunga kibanda chake wiki ile. Hakuja kuaga.

Habari zilitufikia Agosti kupitia kwa dereva mmoja aliyemfahamu Festo: kule Uyole, wazee walikuwa wamemsimamisha mwinjilisti. Aliyeshindwa kuitunza nyumba yake, walisema, hawezi kulitunza kundi. Nilivumilia mpaka Septemba, kisha nikaomba ruhusa ya siku tatu nikidanganya kuwa naumwa jino.

Niliwakuta nyumbani mchana. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka mlimani, na uani palikuwa pameanikwa maua ya pareto kwenye mikeka, harufu yake ikiingia puani kama dawa. Ambokile alikuwa shambani. Baba yake alinipokea mwenyewe, mzee mwembamba mwenye koti lililofungwa vifungo vyote, akaniitikia shikamoo yangu kwa mikono miwili. Hakuuliza nimefuata nini. Nilisema mimi ni mwenzake Ambokile wa kwaya ya Iringa, naye akafurahi. "Mwenzake wa kwaya! Karibu, mwanangu. Hajapata mgeni kutoka huko." Walileta ndizi za kupika zilizochanganywa na maharage, chakula kizuri kuliko chochote nilichokula mwaka ule. Ambokile aliingia, akanawa mikono, akaniona, akasimama kidogo, kisha akakaa. Tukainamisha vichwa. Nilidhani mzee anatafuta maneno.

"Omba wewe, mwanangu," akaniambia hatimaye. "Mimi nimezuiwa kuongoza ibada."

"Lakini baba, hapa ni nyumbani," Ambokile akasema, na kwa jinsi alivyolisema nilitambua kwamba hulisema kila siku.

"Barua haikusema ni kanisani tu." Mzee akanigeukia, akatabasamu. "Omba wewe. Wewe huna doa."

Niliomba. Sikumbuki niliyosema, nakumbuka mvuke wa ndizi ukinipanda usoni, na mwishoni sauti ya mzee ikisema "Amina" kwa nguvu, halafu "Ndaga, mwanangu," akinishukuru kwa Kinyakyusa kama mtu aliyepewa maji. Nikala. Nilikuwa na njaa ya mwaka mzima, nikala nikamaliza.

Baadaye tulikaa na Ambokile uani, tukigeuza maua ya pareto. Nilimwambia, "Barua niliichapa mimi. Na nakala."

"Najua. Kwani ofisini pale kuna mwingine anayejua kuchapa?"

"Nisamehe."

Aligeuza mkeka mzima kabla hajanijibu. "Barua haikuniuma," akasema. "Ile ni kazi. Siku ile kikaoni nilikutazama nikikupa nafasi. Nikadhani utasimama. Nilipoona kalamu haikutoka kwenye karatasi ndipo nikasema uongo. Eliza, mimi nilikataa kuyaombea radhi maneno ya kweli, halafu dakika ileile nikasema uongo mbele ya wazee. Sasa baba ananiuliza kila siku, 'Je, kila ulichowaambia kilikuwa kweli?' Sina la kumjibu."

Nilirudi Iringa nikiwa nimeamua. Asubuhi ya kwanza nilimsubiri Mzee Sanga ofisini, nikamwambia nikiwa nimesimama: sauti ilikuwa yangu, nilikuwa nyuma ya pazia, niadhibiwe. Alinitazama kwa macho yaliyochoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata nilikuwa nimefunga sanduku langu. "Mwanangu," akasema, "jambo lile limekwisha. Usilifukue." Nikasema halijaisha, kuna mzee Uyole haombei hata chakula chake. Mkono wake, wenye kidole kimoja kilichokatwa na msumeno, ulikuwa ukipapasa meza kana kwamba anatafuta mafundo ya ubao.

"Hata chakula?"

"Hata chakula, mzee."

"Unataka nini?"

"Arudishiwe kazi yake."

"Basi waandikie wazee wa Uyole kwamba sisi hatuna neno naye, na kijana amesamehewa. Nitasaini."

Hayo tu. Niliichapa kabla chai haijachemka. Alisaini bila kuisoma, akavaa kofia yake akaenda kwenye karakana. Kuhusu mimi hakusema chochote, siku ile wala baadaye, na Jumapili iliyofuata nilishiriki Meza ya Bwana kama kawaida, nikiwa katikati ya mstari. Nimeishi na watu wengi walioadhibiwa bila haki, nikawahurumia. Mimi nilinyimwa adhabu niliyostahili, na hilo hujui umpelekee nani malalamiko.

Jibu lilikuja Desemba, kwa mwandiko wa Ambokile, karatasi moja. Aliandika kwamba barua ilifika Alhamisi na baba yake aliomba asomewe mara mbili. Jumapili alivaa koti lake, akaenda mapema kuliko wote, akapanda mimbarini. Alifungua kitabu. Watu wakangoja. Alisoma somo, akafunga kitabu, akafungua kinywa ahubiri, na sauti haikuja. Alisimama hivyo mpaka watoto wakaanza kugeuka kutazama wazazi wao. Mwishowe akawaambia waimbe wimbo wowote, akashuka, akakaa na washarika wa kawaida, na tangu hapo amewaomba wazee kwamba kazi hiyo sasa apewe mtu mwingine. Nyumbani anaomba, lakini kimoyomoyo. "Gitaa nimemrudishia mwenye nalo," Ambokile akamalizia. "Natengeneza redio. Kazi ipo."

Nilikuwa peke yangu ofisini. Niliingiza karatasi safi kwenye mashine ili nimjibu. Nikachapa mahali na tarehe, kwa usahihi, kama nilivyofundishwa. Nikashuka mistari miwili, nikachapa *Mpendwa Ambokile*, nikaweka mkato. Nje Mama Tuli aliita chakula tayari, mara ya kwanza tangu mwaka uanze alikuwa na unga mweupe, akaita tena. Mchungaji alipokuja kufunga ofisi saa kumi, karatasi ikiwa bado imeishia kwenye mkato ule, aliniuliza kama mashine imeharibika.